Ekzosi au kemshafti? Peugeot 205 GTI, RunX ya 2ZZ na Golf 7 GTI zikiwekwa kando kwa kando

Fundi mmoja atakwambia anza na ekzosi. Mwingine ataapa kwamba bila kubadilisha kemshafti, ule mhimili wenye nundu unaofungua vali za injini, unapoteza muda na hela. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu kila mmoja anaongea akiwa na injini yake kichwani. Zipo injini ambazo kiwanda kilizipa kemshafti ya upole, zipo ambazo kemshafti yake ni kali tangu siku ya kwanza, na zipo za turbo, yaani zenye feni inayosukumwa na moshi ili kulazimisha hewa zaidi iingie, ambazo kemshafti haina la kukusaidia mpaka uwe umeshafika mbali sana. Kabla hujanunua chochote, jiulize injini yako imekabwa wapi. Pesa iende hapo.

Nimechukua hachibaki tatu zinazosimamia hali hizo tatu: Peugeot 205 GTI ya 1.9, Toyota Corolla RunX (na pacha wake Allex) yenye injini ya 2ZZ-GE, na Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha 7. RunX nitaikalia zaidi, maana ndiyo tunayopishana nayo kila siku Dar, Arusha, Nairobi na Mombasa, na ndiyo inayofungwa vitu visivyoihusu kuliko zote.

Kwa nini hivi viwili havinunuliwi kwa kutengana

Pistoni inapokaribia juu ikimalizia kusukuma moshi, kuna kitambo kidogo ambapo vali ya kutolea haijafunga bado na ya kuingizia imeshaanza kufunguka. Hapo ndipo ekzosi na kemshafti hukutana. Moshi unapochomoka kwenye silinda unatuma wimbi la mgandamizo ndani ya bomba. Wimbi hilo likifika pale mabomba yanapoungana, linarudi likiwa limegeuka kuwa mvuto. Likifika kwenye vali wakati zote mbili ziko wazi, linafyonza moshi uliobaki na kuvuta hewa mpya nyuma yake. Likifika wakati usio wake, moshi unarudi ndani na kuchafua hewa iliyokuwa inaingia.

Urefu na unene wa mabomba ya heda, yale yanayopokea moshi moja kwa moja kutoka kwenye kila silinda, ndio unaoamua wimbi lirudi kwenye mizunguko mingapi ya injini kwa dakika. Kemshafti inaamua kile kitambo cha vali mbili wazi kiwe kirefu kiasi gani. Kwa hiyo ukifunga kemshafti inayopumua vizuri kuanzia mizunguko 5,500, halafu heda yako inafanya kazi yake kwenye 3,500, umenunua vitu viwili vizuri visivyoelewana.

Heda ya nne-kwa-mbili-kwa-moja huunganisha mabomba mawili mawili kwanza, kisha yote. Inasambaza nguvu sehemu pana, na kwa gari la barabarani ndiyo ninayoipendekeza karibu kila mara. Ile ya nne-kwa-moja huunganisha yote mahali pamoja. Inazawadia mizunguko ya juu na kuadhibu ya katikati. Ni nzuri kwa gari la mashindano ambalo haliteremki chini ya mizunguko 5,000. Kwa foleni ya Ubungo au Mombasa Road ni mateso.

Kuhusu unene wa bomba, bado kuna watu wanafunga bomba la inchi 3 kwenye injini ya 1.5 isiyo na turbo. Moshi ukipewa nafasi kubwa kupita mahitaji unapunguza mwendo, unapoa, na ile nguvu ya kuvutana inapotea. Gari linapiga kelele nyingi zaidi na linavuta kidogo zaidi. Angalia pia jinsi bomba lilivyokunjwa. Kama kwenye kona limebonyea na kuwa bapa, kipenyo chako halisi ni cha pale palipobonyea, hata kama risiti inasema inchi mbili na nusu.

Kitu kingine ambacho watu wa huku tunakisahau ni mwinuko. Dar na Mombasa ziko usawa wa bahari. Arusha iko kama mita 1,400. Nairobi na Mbeya ziko kama 1,700. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. RunX ya nguvu za farasi 190 ikifika Nairobi inabaki na chini ya 160. Kwa hiyo mtu wa Nairobi akikuonyesha karatasi ya daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari, muulize kwanza kama namba zimesahihishwa kwa hali ya hewa au ni zile mbichi. Kulinganisha karatasi mbili bila kujua hilo ni kujidanganya.

Peugeot 205 GTI 1.9: hapa kemshafti ndiyo mlango

Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,905, vali 8, kemshafti moja juu, inayozungushwa na mkanda. Ile isiyo na masega, yaani kichujio cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, ilitoka na farasi 130. Gari lenyewe lina uzito wa karibu kilo 900 tu, na ndiyo maana hadi leo Uingereza na Ufaransa watu wanalihangaikia.

Kemshafti ya kiwandani ilichongwa ili gari liende dukani, lipande mlima na lisizime kwenye taa. Imeacha nafasi kubwa. Ukibadilisha na ya kiwango cha barabarani kutoka kwa wachongaji wanaoijua injini hii, kama Kent Cams na Piper wa Uingereza au Cat Cams wa Ubelgiji, utaisikia tofauti tangu gia ya pili. Manifoldi yake ya kutolea moshi ya chuma cha kumimina, ambayo heda huichukulia nafasi, si mbaya kama inavyosemwa, kwa hiyo heda ya bei kubwa inaweza kusubiri. Safisha bomba la nyuma, weka silensa inayopitisha vizuri, kisha hela kubwa iende kwenye kemshafti.

Lakini kuna kizuizi kimoja. Toleo hili linatumia mfumo wa mafuta wa Bosch wenye kibao kinachosukumwa na hewa inayoingia, na kompyuta inapima hewa kwa kuangalia kibao kimefunguka kiasi gani. Kemshafti kali sana hurudisha mapigo ya hewa nyuma kwenye mizunguko ya chini, kibao kinacheza, kompyuta inasoma hewa isiyokuwepo, na gari linaanza kushtuka na kunywa mafuta. Kwa hiyo mpaka wako umeshawekwa: ama kemshafti ya wastani ukabaki na mfumo wa kiwandani, ama kemshafti kali pamoja na karbureta pacha au mfumo mpya wa kisasa. Anayechukua kemshafti ya rali na kubaki na kile kibao atauza gari kwa hasira.

Na breki zisisahaulike. Buta ya breki, kile kifaa kinachoirahisishia pedali, inategemea mvuto wa injini ikizunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta. Kemshafti yenye muda mrefu wa vali mbili wazi inapunguza mvuto huo, na pedali inakuwa ngumu hasa unapoegesha au kushuka mlima taratibu.

RunX ya 2ZZ: kemshafti kali unayo tayari

Kwanza hakikisha una 2ZZ kweli. RunX na Allex nyingi zilizoingia kwetu zina 1NZ ya 1.5 au 1ZZ ya 1.8, na kuna watu wamebandika nembo ya Z nyuma. Soma kibao cha chasisi: NZE121 ni ya 1.5, ZZE122 ni 1ZZ, na ZZE123 ndiyo yenyewe. Haya yote ya sehemu hii yanamhusu mwenye ZZE123.

Toyota iliitengeneza 2ZZ ikishirikiana na Yamaha: sentimita za ujazo 1,796, mgandamizo wa 11.5 kwa 1, farasi 190 kwenye mizunguko 7,600. Ni injini ileile iliyokwenda kwenye Celica, na ndiyo Lotus waliyoichukua kwa ajili ya Elise. Kila shafti ina aina mbili za nundu, za upole na za ukali. Chini ya mizunguko 6,000 hivi, rokaamu (vikono vinavyosukuma vali) zinafuata nundu za upole, na vali inafunguka kama milimita 7.6. Ukipita hapo, presha ya oili inasukuma pini ndogo ndani ya rokaamu, nundu kali zinashika, na vali ya kuingizia inafunguka zaidi ya milimita 11. Sauti inabadilika ghafla na gari linaruka mbele. Vijana wanaiita VTEC ya Toyota, kwa jina la mfumo wa Honda, na wazo ni hilohilo.

Maana yake ni kwamba kile ambacho mwenye 205 anakwenda kununua Ubelgiji, wewe kiwanda kilikupa. Kemshafti mpya kwenye 2ZZ ni hatua ya mwisho, na wengi hawana haja ya kuifikia.

Kabla hujanunua hata boliti, thibitisha kwamba nundu kali zinashika. Injini za miaka ya mwanzo, hadi karibu 2002, zinajulikana kwa boliti mbili zinazoshikilia shafti za rokaamu, moja upande wa kuingizia na moja upande wa kutolea. Zinalika, presha ya oili inavuja, na pini hazisukumwi. Gari linaendelea kutembea vizuri kabisa, linapanda hadi mizunguko 7,000, ila lile ruko halipo. Wapo wenye RunX ambao hawajawahi kulisikia na wanadhani ndivyo gari lilivyo. Fungua kifuniko cha vali, toa hizo boliti, ziangalie pale katikati: kama kuna mkwaruzo wenye kina au kiuno kimeingia ndani, weka za toleo jipya. Safisha na kile kichujio kidogo cha vali ya oili, maana oili iliyokaa muda mrefu hukiziba. Kumbuka pia kompyuta hairuhusu nundu kali injini ikiwa bado ya baridi, kwa hiyo usihukumu kabla mshale wa joto haujatulia. Kwa thamani ya fedha, hakuna ekzosi duniani itakayokurudishia nguvu kama boliti hizi mbili zikiwa ndizo tatizo.

Sasa ekzosi. Ukibadilisha sehemu ya kuanzia baada ya masega hadi nyuma, utapata sauti nzuri na farasi wachache unaoweza kuwahesabu kwa vidole. Si kitu cha kudharau, ila ujue unanunua sauti. Bomba la inchi mbili na robo linatosha gari la barabarani. Mbili na nusu nalikubali kama una mpango wa kweli wa kuendelea hadi kwenye kemshafti. Heda ya nne-kwa-mbili-kwa-moja pamoja na masega yenye matundu makubwa, yale ya 200 kwa inchi ya mraba badala ya 400 na zaidi za kawaida, ndiyo hatua inayoanza kuonekana kwenye daino, na inaonekana pale juu ambapo 2ZZ huishi.

Masega yenyewe usiyatoe. Najua yanauzika kwa ajili ya platinamu, paladiamu na rodiamu iliyomo, na najua kuna mafundi watakaokwambia yanakaba. Yaliyoziba yanakaba, ndiyo. Yaliyo mazima na mapana hayakunyimi kitu utakachokihisi. Ukiyatoa, unawapulizia watoto wa mtaani kwako sumu ghafi, na taa ya injini itawaka kwa sababu sensa ya oksijeni ya nyuma haioni kazi ikifanyika.

Kinachoibadilisha RunX kuliko heda ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Toyota waliweka badiliko la nundu juu sana, na kabla ya hapo kuna shimo: kuanzia mizunguko 5,000 hivi nundu za upole zimeishiwa pumzi lakini kali bado hazijashika. Kompyuta inayoruhusu kupangwa, na fundi mwenye daino anayejua kazi, wanaweza kushusha badiliko hilo hadi pale mistari miwili ya nguvu inapokutana. Faida yake huioni tu kwenye namba ya juu. Ukibadilisha gia kwenye mizunguko 7,800, injini inaangukia ndani ya nundu kali badala ya nje yake. Mwenye kupanda Kitonga au kuvuka mabasi barabara ya Naivasha atanielewa.

Kwa hiyo, kemshafti kwa 2ZZ inamfaa nani? Inamfaa anayeshindana kwenye mbio za kupanda mlima au kwenye saketi, mwenye gia za mkono 6, ambaye heda, bomba na kontroli boksi tayari vimekaa. Nundu ndefu zaidi zinataka springi za vali ngumu zaidi, na nguvu yake inakuja juu zaidi ya ile ya kiwandani, kwenye mizunguko ambako pampu ya oili ya 2ZZ ina historia ya kuvunjika meno injini ikizidishwa. Silinda zake nazo hazina mikono (mabomba ya ndani ya silinda) ya chuma ya kawaida; ni alumini iliyoimarishwa kwa nyuzi za seramiki, na huwezi kuzipeleka kwa fundi wa kuchonga zikarudi na pistoni kubwa kama ya injini ya 4K ya zamani ya Toyota. Injini ikijikwaruza ndani, unatafuta nyingine. Na kama RunX yako ni ile ya otomatiki ya gia 4, sahau kemshafti kabisa, kwa sababu gia zimeachana mno na utakuwa nje ya nguvu kila zinapobadilika.

Golf 7 GTI: acha kemshafti ilivyo

Hapa nitakuwa mfupi. Injini ya EA888 ya kizazi cha 3, lita 2 yenye turbo, farasi 220 kwenye toleo la kawaida. Heda haipo ya kununua, kwa sababu manifoldi ya kutolea moshi imeundwa ndani ya kichwa cha silinda na turbo inafungwa moja kwa moja kwenye kichwa. Kinachobaki ni bomba la kutoka kwenye turbo kushuka chini. Kwenye gari la turbo bomba hilo ndilo lenye maana: kadiri presha ya baada ya turbini inavyopungua, ndivyo turbini inavyozunguka kwa urahisi. Hapa inchi 3 ni saizi halali, tofauti na kule kwenye injini zisizo na turbo.

Lakini hata hilo bomba ni la pili. La kwanza ni kupanga upya kontroli boksi, ambako peke yake kunalipeleka gari hili kupita farasi 280 kwenye petroli nzuri. Kemshafti kali inaweza hata kukurudisha nyuma: kwenye turbo ndogo presha upande wa ekzosi mara nyingi ni kubwa kuliko upande wa hewa, kwa hiyo ukiacha vali zote wazi muda mrefu, moshi unarudi ndani ya silinda. Anayefikiria kemshafti kwenye Golf 7 awe ameshabadilisha turbo.

Wakazi wa milimani wana sababu ya ziada ya kuipenda Golf. Turbo inafidia sehemu kubwa ya hewa inayokosekana Nairobi, ingawa inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kupata joto zaidi kufanya hivyo.

Ukishaamua kufungua injini

Kwa 205 na kwa RunX, kazi ya kemshafti haiishi kwa kuchomoa ya zamani na kupachika mpya. Zote mbili zinarekebisha nafasi ya vali kwa shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma, kwa hiyo kila vali inapimwa kwa fila (vipimo vyembamba vya nafasi) na shimu zinachaguliwa moja moja. Fundi akikwambia kemshafti mpya haihitaji kupimwa, chukua funguo zako.

Kisha nafasi kati ya vali na pistoni. Kwenye injini hizi mbili vali na pistoni zinaweza kugongana. Njia ya zamani bado ni ya kuaminika: bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, mahali palipochongwa kwa ajili ya vali, paka vali mafuta kidogo ili usinate, funga kichwa na gasketi iliyokwisha kutumika, panga taimingi, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Fungua, kata udongo katikati kwa wembe na upime palipo pembamba. Wengi hawakubali chini ya milimita 1.5 upande wa kuingizia na 2 upande wa kutolea. Ukikuta milimita moja, usijifariji kwamba itatosha. Kwenye mizunguko 8,000 vyuma vinanyooka na mnyororo unacheza.

Muuzaji wa kemshafti akupe karatasi yake: nyuzi za ufunguzi (muda vali inaokaa wazi, kwa digrii za mzunguko) zikiwa zimepimwa kwenye milimita ngapi, kimo cha nundu, na pembe ya kuiweka. Bila hiyo huwezi kulinganisha kemshafti mbili, kwa sababu mtengenezaji mmoja anahesabu nyuzi tangu vali inapoanza kutikisika na mwingine anaanzia milimita moja. Nyuzi 280 za huyu zinaweza kuwa pole kuliko 260 za yule. Ukiwa na karatasi mkononi, ipeleke kwa anayekutengenezea heda kabla hajakata bomba la kwanza, umwambie unataka nguvu ikae kati ya mizunguko mingapi na mingapi.